Tuzo za Saa Tisa Usiku

Tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na mbili na ushei asubuhi, niliandika kwa kalamu ya bluu kwenye kauntabuku la chumba chetu: "Tuzo ya Debe Tupu: Tyrese Haliburton. Sababu: pointi 4, zote za mitupo huru." Nikapiga mstari chini, nikanawa uso, nikakimbilia lekcha ya saa moja. Njiani nacheka peke yangu kwa jinsi nilivyoona nimeandika kitu kikali.

Kwa wale ambao hamfuatilii kikapu, NBA ikimaliza msimu wake wa kawaida timu 16 zinaingia kwenye mtoano. Wawili wanakutana mpaka mmoja ashinde mechi nne, halafu anasonga mbele, kuanzia Aprili mpaka Juni. Kule Marekani mechi ni za usiku baada ya chakula. Kwetu huku ni saa tisa, saa tisa na nusu usiku, muda ambao hosteli nzima inakoroma na mbu wamebaki wenyewe korido.

Chumba chetu ni cha watu wawili, tunalala wanne. Wawili wana chumba, wawili tumebebwa, na sisemi nani ni nani kwa sababu gazeti hili linasomwa na wengi. Mwenye laptop ni mwanasheria wa mwaka wa nne tunayemwita Mjomba. Yupo jamaa wa Uhandisi, yupo mdogo wetu wa Jiolojia wa mwaka wa kwanza, nipo mimi wa Elimu. Mpiga kura wa tano ni dada mmoja wa Takwimu anayekaa hosteli ya wasichana. Yeye huangalia kwa simu yake chini ya shuka na kutuma kura kwa meseji za sauti, ananong'ona kama mtu anayeongea kanisani.

Sheria za kauntabuku aliziandika Mjomba ukurasa wa kwanza, kwa lugha ya kimahakama kabisa. Kila tuzo lazima iwe na sababu, na sababu iwe sentensi moja. Aliyelala kabla ya robo ya nne hana kura. Aliyenunua bando ana kura mbili. Mchezaji ambaye NBA yenyewe imeshampa zawadi hatumpi ya kwetu, maana hana shida. Na sheria ya mwisho ni kwamba kilichoandikwa hakifutwi.

Kwa hiyo Shai Gilgeous-Alexander hayumo kabisa. Mwaka ule aliongoza kwa kufunga ligi nzima, akawa MVP wa msimu, akawa MVP wa fainali, akabeba na kombe na Oklahoma City Thunder. Jamaa wa Uhandisi alilalamika wiki nzima kwamba tunamwonea. Mjomba akamjibu kuwa mtu mwenye sahani nne za pilau haongezwi ya tano.

Raha ya tuzo za namna yetu ni kwamba zinaona vitu ambavyo zile rasmi hazivioni. Mfano Aaron Gordon wa Denver. Tarehe 26 Aprili, mechi ya nne dhidi ya Clippers, Denver walikuwa mbele kwa zaidi ya pointi 20 wakazitapanya zote. Zikiwa zimebaki sekunde chache, 99 kwa 99, Nikola Jokić akarusha shuti la mbali, likapungua, halikugusa hata chuma. Gordon akalidaka hewani akalizamisha kengele ikilia. Waamuzi wakaenda kuangalia marudio, sisi huku laptop imeganda, duara linazunguka, tumeshikana mabega kama tunasubiri matokeo ya kidato cha sita. Likakubaliwa. 101 kwa 99. Lilikuwa danki la kwanza kushinda mechi ya mtoano kengele ikilia tangu rekodi za namna hiyo zianze kutunzwa. Tukampa "Tuzo ya Kuokota Kilichotupwa na Mwenzako". Ni mdogo wetu wa Jiolojia aliyetuambia kwamba Gordon alibadili namba ya jezi msimu ule, akavaa 32 ya kaka yake aliyefariki kwa ajali Mei 2024. Tukakaa kimya kidogo. Halafu Mjomba akasema bando linaisha.

Alex Caruso wa Thunder alipata "Tuzo ya Mama Ntilie Anayedai Hela Yake". Mechi ya saba dhidi ya Denver alipewa kazi ya kumkaba Jokić, mtu wa mita 2.11, na yeye Caruso ni mita 1.96 tu na hana mwili wa kutisha. Alimng'ang'ania. Anamzunguka mbele, anapiga mpira kwa chini, anasukumwa, anarudi. Kama umewahi kukopa wali maharage halafu bumu likachelewa, unajua ninachosema. Thunder walishinda 125 kwa 93.

T. J. McConnell wa Indiana Pacers alipata "Tuzo ya Mzee wa Mtaa". Alikuwa na miaka 33, mfupi kwa vipimo vya kule, na mwaka 2015 timu zote zilimpita kwenye drafti bila kumchagua. Mechi ya tatu ya fainali akatoka benchi akaiba mipira mitano, mingine akiiba pale pale mpinzani anaporusha ndani baada ya kufungwa, yule jamaa hata hajageuka. Pointi 10, asisti 5, mipira ya kuiba 5. Hakuna mchezaji wa benchi aliyewahi kufanya hivyo kwenye fainali. Nilimpigia kura McConnell kwa moyo wote kwa sababu ndiye mtu pekee wa NBA ambaye nikimwangalia naona kama tungeweza kukutana kijiweni.

Pascal Siakam naye tulimpa, "Tuzo ya Fratera", maana alisoma seminari kwao Kameruni kabla ya kikapu kumchukua. Huyo ilibidi tuvunje sheria, kwani alikuwa tayari ametangazwa mchezaji bora wa fainali ya Kanda ya Mashariki. Mjomba aliruhusu kwa hoja ya Umoja wa Afrika. Hoja dhaifu, lakini laptop ni yake.

Sasa Haliburton.

Mwezi Aprili, kabla mtoano haujapamba moto, The Athletic waliuliza wachezaji wa NBA, bila kutaja majina yao, nani anasifiwa kuliko anavyostahili. Haliburton ndiye aliyeongoza. Ukifikiria, ile nayo ni tuzo isiyo rasmi, na ametunukiwa na wenzake wa kazi, watu anaowasalimia kila wiki. Kilichofuata mnakijua. Dhidi ya Milwaukee, mechi ya tano, akaingia na mpira hadi chini ya kikapu ikiwa imebaki sekunde 1.3, 119 kwa 118, Milwaukee nyumbani. Dhidi ya Cleveland, mechi ya pili, akakosa mtupo huru, akaudaka mpira mwenyewe, akarudi nyuma ya mstari akapiga la pointi tatu, sekunde 1.1. New York, mechi ya kwanza, Pacers walikuwa nyuma kwa pointi 14 zikiwa zimebaki chini ya dakika 3. Aaron Nesmith akawa anapiga matatu kama umeme uliorudi ghafla, halafu Haliburton akapiga shuti la mwisho lililogonga chuma, likapaa juu kama halitarudi, likashuka katikati. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Pacers wakashinda 138 kwa 135. Na mechi ya kwanza ya fainali, pale Oklahoma City, sekunde 0.3, 111 kwa 110. Muda wote wa mechi ile Pacers walikuwa hawajawahi kuongoza hata mara moja.

Tulimpa "Tuzo ya Kuingia Ukumbini Mlango Unafungwa". Kura tano kwa tano.

Siku chache baadaye, mimi ni yule yule, kalamu ni ile ile, naandika Debe Tupu.

Jamani, mechi ya tano ya fainali aliumia. Robo ya kwanza alianguka, akatoka kwenda ndani, akarudi robo ya pili amefungwa bandeji mguuni. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa limevutika. Dada wa Takwimu alituma meseji ya sauti mechi ikiendelea: "Huyo kaka ameumia, hamuoni anavyokanyaga?" Tuliisikia. Mimi nilijibu kwamba fainali hazina visingizio. Jalen Williams wa Thunder alikuwa anapiga pointi 40 upande wa pili, na nilitaka mtu wa kumchekea. (Williams mwenyewe, tulikuja kujua baadaye, alicheza mtoano mzima kano ya kifundo cha mkono anaotupia ikiwa imechanika, na msimu ulipoisha akafanyiwa upasuaji. Kumbe ile usiku karibu kila mtu pale uwanjani alikuwa anaumwa kitu, aliyekuwa mzima ni mimi kitandani.)

Mechi ya sita Haliburton alicheza na mguu ule ule, Pacers wakashinda 108 kwa 91. Mechi ya saba, usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni, alianza kwa matatu mawili, akaongeza la tatu. Pointi 9 robo ya kwanza haijaisha. Jamaa wa Uhandisi akanigusa, "Debe lako hilo." Halafu Haliburton akataka kuanza kukimbia na mpira, mguu ukabaki. Alianguka bila kuguswa na mtu. Alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja, na hata kwa picha yetu ya kuganda-ganda ungeweza kusoma mdomo wake anasema hapana, hapana. Kano ya kisigino. Thunder walishinda 103 kwa 91.

Hakuna aliyepiga kura siku ile. Ukurasa wa 31 Mjomba aliandika jina la Haliburton na tarehe, basi. Sababu aliacha wazi, yeye aliyetunga sheria ya sababu. Mimi nikaomba tufute ile ya ukurasa wa 27. Akanionyesha sheria ya mwisho.

Nimewahi kujitetea kwamba tuzo za kebehi ni sehemu ya mchezo. Ni kweli zipo, na sisi Watanzania tunazijua. Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry. Mpaka leo watu wakitengeneza orodha za machaguo mabovu ya drafti lazima awemo. Baba yangu mdogo huzisoma kwa hasira halisi. Huwa anauliza, huyo anayeandika amewahi kuchaguliwa wa ngapi? Na zipo zawadi zilizokwenda kinyume cha kebehi. Mwaka 1969, mara ya kwanza NBA kutoa MVP wa fainali, walimpa Jerry West aliyekuwa ameshindwa. Alipiga pointi 42 mechi ya saba, timu yake ikapoteza kwa Boston, wakampa hivyo hivyo. Haijawahi kutokea tena. Mwaka 2015 LeBron James alipata kura 4 kati ya 11 akiwa upande ulioshindwa, akakosa. Nimekuwa nikifikiri juu ya watu wale waliokaa 1969 wakasema, pamoja na yote, ni huyu.

Nisingeandika haya yote kama mambo yangeishia kwenye kauntabuku.

Baada ya UE tulikwenda TP. Mimi nilipangiwa sekondari moja ya kata, nikapewa Kiswahili Kidato cha Pili, mkondo wenye wanafunzi 70 na ushei. Nilifundisha vizuri, nasema bila aibu. Ijumaa ya mwisho nikaamua kuwaaga kwa namna yangu. Usiku nilikata manila, nikaandika vyeti kwa maka pen, kila kimoja na jina, tuzo, na sahihi yangu: "Tuzo ya Mwandiko wa Daktari". "Tuzo ya Swali Lililomtoa Mwalimu Jasho". "Tuzo ya Sauti ya Redio". Vilikuwa 12. Darasa lilichangamka hadi mwalimu wa jirani akachungulia.

Kipo kimoja nilikiweka mwisho kwa sababu nilijua kitachekesha. Alikuwepo kijana mmoja wa safu ya nyuma, kila siku kipindi cha kwanza analala. Siyo kusinzia, kulala hasa, kichwa juu ya daftari. Nimemsimamisha, nimemtoa nje akanawe, wapi. Nikaita jina lake, nikasoma: "Tuzo ya Kitanda". Darasa likapasuka. Akaja mbele, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu." Akakikunja mara nne, akakiweka mfuko wa shati.

Mchana ofisini mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyekuwa ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza, alikuwa anacheka habari za vyeti. Akaniuliza nani kapata nini. Nilipofika kwa huyo akaacha kucheka. Hakunigombeza. Akasema, "Mwanangu, yule mama yake anauza maandazi kituoni. Yule mtoto anaamka saa tisa usiku kukanda ngano na kuwasha jiko, maana mama mkono mmoja haufanyi kazi vizuri."

Saa tisa usiku.

Mimi nina B+ ya Upimaji na Tathmini. Naweza kukutajia aina za upimaji na makosa ya mpimaji, moja baada ya jingine, nilikesha kuyasoma. Wiki nane nimekaa na mtoto anayeamka saa ambayo mimi naamka kuangalia watu wakidanki, na swali la kwa nini unalala sikumuuliza hata siku moja. Nilimuuliza "kwa nini unalala?" kwa sauti ile ambayo siyo swali.

Jumatatu nilirudi kupata mhuri wa mkuu wa shule kwenye fomu zangu. Saa ya mapumziko nikamkuta bombani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nikamwambia kile cheti nilikosea, naomba anirudishie.

"Kiko nyumbani, mwalimu. Mama amekibandika."

Nilihisi tumbo limepoa. Nikamuuliza mama alisema nini kuhusu hiyo tuzo.

"Ile juu nilikata," akasema. "Nimeacha jina langu na sahihi yako. Nikamwambia ni ya Kiswahili."

Nikamwambia basi nitamwandikia nyingine, ya kweli. Akaniangalia. "Ya nini, mwalimu?"

Na hapo ndipo sheria ya Mjomba iliponikamata. Sababu, sentensi moja. Sikuwa nayo. Ningeweza kumwandikia ya uvumilivu, ya kumsaidia mama, lakini hayo nilikuwa nimeambiwa na mtu mwingine, na sidhani kama angetaka yabandikwe ukutani. Nikamwomba daftari lake la insha. Nikakaa kwenye ngazi ya darasa, nikasoma. Kulikuwa na insha ya wiki ya tatu, "Kazi Ninayoipenda", ambayo nilikuwa nimeisahihisha mwenyewe: vema mbili, mduara kwenye kosa la tahajia, 6 kwa 10. Sina kumbukumbu ya kuisoma. Aya ya tatu alikuwa anaeleza namna ya kujua unga umekuwa tayari gizani bila taa. Unabonyeza kwa kidole, unasubiri, kama shimo linarudi taratibu kama mtu anayeamka hajisikii, basi tayari.

Nikachana karatasi kwenye daftari langu la maandalizi ya somo. Manila sikuwa nayo. Nikaandika: "Tuzo ya Aya Bora. Sababu: shimo la kidole kwenye unga." Jina lake, sahihi yangu, tarehe. Alisoma, akauliza kama ile sita itabadilika. Nikamwambia alama zimeshaingia kwenye kitabu cha mwalimu wa somo, lakini nitakwenda kuongea naye. Nilikwenda. Ikawa saba. Mwalimu wa somo alisema nane ni nyingi, tahajia mbaya, na nikikumbuka ule mduara, hana kosa.

Nimerudi chuoni. Haliburton alikaa nje msimu wote wa 2025-26 kwa ule mguu. Kauntabuku bado lipo, na ukurasa wa 27 bado una maneno yangu ya bluu. Dada wa Takwimu alipoliazima mwezi wa kumi na moja aliandika pembeni kwa penseli, herufi ndogo: "tazama uk. 31". Tulijadili kama hilo ni kufuta. Tukakubaliana siyo.

Mjomba amehitimu na ameondoka na laptop yake. Mtoano unaanza Aprili. Mwenye laptop inayotunza chaji na yuko tayari kuchangia bando aje chumbani kwetu, ana kura mbili.